Maswali ya Wasomaji: Waya wa Almasi, Jiwe na Zege

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kitu kimoja, waya wa almasi. Tumezifupisha kidogo, ila maswali ni yaleyale mliyouliza.

Habari za kazi, wataalamu. Hapa kwetu tunapasua marumaru kwa baruti na kabari, na mawe mengi yanatoka na nyufa. Tajiri anataka kununua mashine ya waya wa almasi. Mimi nimeiona kwenye video tu. Waya mwembamba vile unakataje mlima? Na kweli nyufa zitaisha?
*Msimamizi wa machimbo, Morogoro*

Waya wenyewe haukati kitu. Ni kebo ya chuma ya unene wa karibu mm 5, iliyosokotwa kwa nyuzi nyembamba zaidi ya mia moja ili ipinde mara nyingi bila kukatika. Zinazokata ni shanga zilizotungwa juu yake. Kila ushanga ni mrija mfupi wa chuma uliovikwa mchanganyiko wa unga wa metali, mara nyingi kobalti, pamoja na chembe za almasi ya kiwandani, kisha ukaokwa kwa joto kali na shinikizo. Kwa marumaru ushanga mpya una kipenyo cha mm 11 hivi, na kwenye mita moja ya waya zinakaa shanga 28 hadi 34. Kwa granaiti zinasogezwa karibu zaidi, 37 hadi 40. Kati ya ushanga na ushanga kuna springi, plastiki au mpira, kulingana na kazi.

Waya unapitishwa kuzunguka sehemu inayokatwa, unaungwa ncha kwa ncha, kisha unavalishwa kwenye gurudumu kubwa la mashine. Mota za machimboni kwa kawaida ni za kW 37 hadi 55. Kwenye marumaru waya unakimbia mita 30 hadi 40 kwa sekunde. Kwenye granaiti unapunguzwa hadi 20 au 30. Mashine inakaa juu ya reli na kurudi nyuma polepole, na kurudi huko ndiko kunakouweka waya ukiwa umekazwa muda wote.

Chembe ya almasi inakwangua. Mkwaruzo mmoja ni mdogo mno, lakini shanga zinapita maelfu kwa maelfu kila dakika, na maji yanatoa unga uliokwanguliwa. Unga huohuo unaila metali inayoshika almasi, hivyo chembe zilizochoka zinadondoka na zilizokuwa ndani zinajitokeza. Kazi nzima inasimama hapo: metali ilike sambamba na almasi inavyochoka. Ikilika haraka mno, almasi zinamwagika zikiwa bado nzima. Isipolika, ushanga unang'aa kama kioo, waya unakimbia vizuri tu na jiwe haliendi popote. Wengi wakifika hapo wanaongeza kasi, na wanazidi kuharibu, kwa sababu kasi kubwa inaifanya kila chembe iguse jiwe kijuujuu. Punguza kasi, ongeza mkazo kidogo, au upitishe waya kwenye kitu chenye mchanga, kama tofali la saruji, kwa dakika chache hadi almasi zifunguke.

Kuhusu nyufa, baruti inapasua kwa mshtuko, na mshtuko unaingia hata ndani ya jiwe ulilotaka libaki zima. Waya hauna mshtuko, na uwazi unaoacha ni wa mm 11 au 12 tu. Ndiyo maana machimbo ya Carrara, Italia, yaliupokea mwishoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya hapo walikata kwa kebo ya nyuzi tatu iliyoburuta mchanga na maji, kazi ya polepole mno. Lakini usimwahidi tajiri kwamba kila jiwe litatoka zima. Nyufa za mlima wenyewe waya hauzigusi. Kabla ya kutoboa, mwagia uso wa mwamba maji, usubiri ukauke: mistari inayobaki na unyevu ndiyo nyufa. Panga mikato iifuate hiyo, hata kama bloku zitatoka za vipimo visivyolingana.

Shikamooni. Nasomea mambo ya madini. Naomba hatua za kukata ukuta mmoja wa jiwe kwa waya, na namna ya kupiga hesabu ya urefu wa waya na muda.
*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba. Tuchukue mkato wa wima kwenye marumaru, kimo mita 5, kina mita 6 kutoka usoni kwenda nyuma. Eneo ni mita za mraba 30.

Unahitaji matundu mawili yanayokutana ndani ya mwamba. Moja linashuka wima mita 5 kutoka juu, likiwa mita 6 nyuma ya uso. La pili linaingia mlalo mita 6 kutoka usoni, chini kabisa. Kipenyo cha kawaida ni mm 90, na drili ni ya nyundo inayoendeshwa kwa hewa ya kompresa. Hapa ndipo wengi wanapopoteza siku. Kosa la digrii 1 tu kwenye urefu wa mita 6 linakupeleka sentimita 10 pembeni, na tundu lako lina sentimita 9. Kwa hiyo pima kwa timazi na pima maji kabla ya kuanza, na upime tena baada ya nusu mita ya kwanza, maana drili ikishashika njia yake hairudi. Matundu yakikutana utajua: hewa ya drili inaanza kutokea kwenye tundu la pili ikiwa na vumbi.

Kupitisha waya, funga kitambaa au kipande cha sponji kwenye kamba nyembamba, kisukume kwa hewa au maji kitokee upande wa pili, halafu ivute kamba ikiwa imefungwa waya nyuma yake.

Sasa urefu. Mzunguko wa mkato ni 6 + 5 + 6 + 5, yaani mita 22. Ongeza nafasi kati ya uso wa mwamba na mashine, kwenda na kurudi, utafika mita 28 hadi 30. Mkato unapoendelea, waya ulio ndani ya jiwe unapungua na mashine inarudi nyuma kuumeza ule uliolegea: kila mita moja ya reli inameza mita mbili za waya. Reli ya mita 6 itameza mita 12. Ikifika mwisho, simamisha, kata kipande cha waya, unga upya, rudisha mashine mbele. Waya uliokatwa usitupwe. Unatumika kwenye mikato midogo.

Kabla ya kuunga, zungusha ncha moja mara 1 hadi 1.5 kwa kila mita (kwa waya wa mita 30 ni mizunguko 30 hadi 45). Sababu yake iko kwenye swali linalofuata. Hakikisha pia vishale vilivyochorwa kwenye waya vinaelekea upande ambao gurudumu litazungukia. Ushanga unalika ukiwa na umbo la kuchongoka kidogo mbele, na ukiugeuza unauma jiwe kwa kisigino.

Kona kali za mwamba, pale waya unapopinda, zivunje kwa nyundo na tindo. Vuta waya kwa mkono uone unateleza. Fungua maji kwanza, ndipo uwashe mota kwa kasi ndogo na mkazo mdogo. Dakika za mwanzo ni za kulainisha kona tu. Waya ukishajitengenezea upinde wake ndani ya jiwe, pandisha kasi. Kuanzia hapo macho yawe kwenye ampea, yaani kipimo cha umeme unaovutwa na mota. Ampea zikipanda ghafla, waya umebanwa au mkazo umezidi. Zikishuka ghafla, waya umeteleza au umekatika.

Marumaru ya kawaida inakatwa mita za mraba 8 hadi 15 kwa saa. Kwa 10, mkato wetu unachukua saa tatu, ukiacha kutoboa na kupanga. Kuhusu maisha ya waya, mita moja ya waya kwenye marumaru inaweza kukata mita za mraba 20 hadi 40 kabla ya kuisha. Kwa 30, waya wa mita 30 utakata mita za mraba 900, mikato 30 kama huu. Granaiti ni habari nyingine: chukua 8 kwa mita, waya uleule unabaki na mikato minane. Bei ya granaiti inaanzia hapo.

Mwisho wa mkato una hatari yake. Kipande cha jiwe kilichobaki kinapopungua, upinde wa waya unazidi kuwa mkali, kebo inachoka haraka, na waya ukitoka unaweza kuruka. Punguza kasi na mkazo kabla ya kufika huko. Na kwenye mikato ya mlalo, tia kabari ndani ya uwazi nyuma ya waya kadiri unavyosonga, la sivyo uzito wa jiwe utashuka na kuubana.

Shanga zetu zinalika upande mmoja, zinakuwa bapa. Waya bado mpya kabisa. Muuzaji anasema tunakaza mno. Ni kweli?
*Fundi mashine, Kajiado*

Inawezekana, lakini muulize kwanza aliyeunga waya kama aliuzungusha. Waya usiozungushwa unapita kwenye jiwe ukiwa umelalia ubavu uleule kila raundi. Ukiuzungusha kabla ya kuunga, ule msokoto unataka kujifungua, na kwa kutaka hivyo unaifanya kila shanga igeuke kidogo kidogo ndani ya mkato. Shanga zinalika duara.

Zungusha upande unaokaza nyuzi za kebo. Ukizungusha upande wa kuzifungua, unailegeza kebo na plastiki inaachia. Nyaya nyingi, ukiishika ncha inayokutazama, zinazungushwa kinyume cha saa, lakini tazama msokoto wa kebo yako mwenyewe. Kila ukikata na kuunga upya, hesabu mizunguko upya. Watu wanazungusha siku ya kwanza, wakishafupisha waya wanasahau.

Sababu nyingine ni hizi: mkazo mkubwa, kama alivyosema muuzaji, ambao unazuia waya usigeuke, mpira wa ndani ya gurudumu ulioliwa hadi ukafanya mfereji, ukaushika ushanga usiweze kugeuka, na puli (magurudumu madogo yanayouongoza waya) zisizonyooka na mkato.

Shanga zikishakuwa bapa sana, waya utaendelea kulalia ule ubapa hata uuzungushe vipi. Kama ubapa ni mdogo, jaribu mizunguko 2 kwa mita na mkazo mdogo kwa saa kadhaa. Pima kwa kaliper ushanga uleule kwa pande mbili: tofauti isipopungua, waya huo umekwisha.

Kwa kuwa kaliper iko mkononi, pima na jambo jingine. Mafundi wengi wanaunga kipande kipya na cha zamani ili kupata urefu. Ushanga mpya una mm 11, wa zamani umeshuka hadi 10. Uwazi ulikatwa na ule wa mm 10, halafu wa mm 11 unafika mlangoni na kugota. Mpira kati ya shanga unajikunja, shanga zinarundikana, kebo inakatika. Tofauti isizidi mm 0.2 hadi 0.3. Kosa hilohilo linatokea ukibadilisha waya katikati ya mkato: waya mpya hauingii kwenye njia ya waya mkuukuu. Ukilazimika, tumia wenye kipenyo sawa au mdogo zaidi.

Wataalamu, tuna msingi wa mashine ndani ya kiwanda, upana mita 3, zege ya unene wa mita 1.2, nondo za mm 25. Lazima utoke kwa vipande, na mashine za jirani haziwezi kuvumilia mtikisiko wa breka, ile nyundo ya mashine ya kuvunjia zege. Waya utakata nondo pia?
*Mkandarasi, Nairobi*

Utakata zege na nondo kwa pamoja, lakini waya wa marumaru usiulete hapo. Unataka waya uliofunikwa mpira wenye shanga kama 40 kwa mita, kipenyo mm 10 hadi 11. Mpira unailinda kebo dhidi ya uji wa zege unaosaga, na unazuia shanga zisirundikane ushanga mmoja ukigota kwenye nondo.

Msumeno wa diski unashindwa hapa kwa sababu ya kina: diski ya kipenyo cha mita moja haifikishi hata nusu mita. Waya hauna kikomo hicho. Bwawa la Mactaquac kule New Brunswick, Kanada, ambalo zege yake inavimba kwa mmenyuko wa alkali na kokoto, limekuwa likikatwa mianya kwa waya wa almasi tangu miaka ya 1980 ili zege ipate pa kutanukia.

Kasi iwe mita 20 hadi 25 kwa sekunde, na punguza nondo zikiwa nyingi. Elekeza mkato uvuke nondo. Usikubali waya usafiri kwa urefu juu ya nondo moja, maana chuma kitupu hakifungui almasi, kinazing'arisha. Mkato mmoja wa 3 × 1.2 ni mita za mraba 3.6. Kwa zege yenye nondo weka makadirio ya mita za mraba 1.5 hadi 2 kwa saa, na kwa kila mita ya waya tarajia mita za mraba 1 hadi 3 tu. Mkandarasi asiyeweka gharama hiyo kwenye bei anakula hasara mwenyewe.

Maji yaelekezwe pale waya unapoingia kwenye zege, si unapotoka. Waya ndio unaoyavuta ndani.

Kabla ya kukata chochote, piga hesabu ya uzito. Kipande cha 1.2 × 1 × 0.8 ni mita za ujazo 0.96, kwa tani 2.5 kwa kila moja, ni tani 2.4. Winchi iwe imekishika kipande hicho kabla ya mkato wa mwisho kuanza. Vipande ving'olewe kwenda juu? Basi mikato ya pembeni iwe na mteremko kidogo, kipande kiwe kipana juu na chembamba chini, la sivyo kitakwama. Ikiwa ndani ya zege kuna kebo zilizovutwa badala ya nondo za kawaida, simamisha hadi mhandisi wa miundo aseme. Kebo hizo zina nguvu iliyofungiwa.

Jirani yetu alipigwa na ushanga mguuni. Alikuwa mbali na mashine. Mtu asimame wapi?
*Msomaji, Mutomo, Kitui*

Umbali peke yake haumlindi mtu. Waya unaokimbia mita 30 kwa sekunde uko kwenye kilomita 108 kwa saa, na ncha iliyokatika inachapa kwa kasi zaidi ya hapo, ikirusha shanga. Hatari kubwa iko kwenye mstari wa waya, mbele ya mashine na nyuma yake pia. Simama ubavuni, mbali na mstari huo, na paneli ya kuendeshea iwe na kebo ndefu ya kukuwezesha kukaa huko. Waya ulio nje ya jiwe ufunikwe kwa mpira mzito. Vipande vya mkanda wa kusafirishia kokoto vinafaa sana. Fungeni njia kwa kamba pande zote mbili, na wapita njia wasiruhusiwe mota ikiwa imewaka.

Waya mara nyingi unakatikia kwenye kiungio, yaani kile kimrija cha chuma au shaba kinachobanwa kwa presi ya haidroli. Karibu na kiungio kebo inapinda mahali palepale kila raundi hadi nyuzi zinachoka. Kata na kuunga upya kabla ya kila zamu. Ni dakika kumi za kazi. Ncha ya kebo ikatwe kwa mkasi mkali au diski, iwe safi, iingie hadi nusu ya kiungio, na meno ya presi yawe ya saizi ya kiungio hicho. Koleo na nyundo si presi.

Mashine iwe na kifaa cha kujizima ampea zikishuka ghafla. Kuna wanaokizima kifaa hicho kwa sababu "kinasumbua". Kinasumbua kwa kuwa waya umelegea, rekebisheni waya.

Maji kwetu ni ya boza. Tunaweza kukata bila maji?
*Mchimbaji, Singida*

Kwa waya wa kawaida, hapana. Bila maji plastiki inayeyuka, shanga zinahama, na vumbi la granaiti lina silika inayoharibu mapafu moja kwa moja. Nyaya za kukatia pakavu zipo, ila zinahitaji mashine ya kunyonya vumbi na zinaisha haraka.

Hesabu ni lita 20 hadi 30 kwa dakika. Kwa 30, ni lita 1,800 kwa saa, na mkato wa saa tatu unakula lita 5,400. Chimbeni mashimo mawili yaliyotandikwa turubai la plastiki: maji yenye tope yaingie la kwanza, yatulie, yamwagike la pili, pampu ivute kutoka juu ya la pili. Bomba la kuvutia lisiguse chini, la sivyo mnasukuma mchanga ndani ya mkato. Mtapoteza sehemu kwenye nyufa na jua, lakini boza halitakuja kila siku.

Je, waya unafaa kwa matofali ya mawe ya matumbawe?
*Msomaji, Kilifi*

Haufai, kwa sababu za pesa. Jiwe la matumbawe ni laini, na msumeno wa diski unaotembea kwenye reli unalikata vizuri kwa gharama ndogo. Waya una faida pale jiwe ni gumu na bloku ni kubwa. Pesa hiyo nunua diski za akiba, na barakoa za vumbi kwa vijana.